Boti Nyeupe Iliyogeuka Njano: Uchambuzi wa Madoa Yaliyodhaniwa Kuwa Doa Moja

Mwenye boti alikuwa ameshaamua kuipaka rangi. Boti yenyewe ni ya faiba, nyeupe, urefu wa mita saba hivi, ina injini ya dizeli ya ndani, na tangu itoke kiwandani haijapakwa kitu isipokuwa ile rangi ya chini ya maji ya kuzuia chaza na majani. Maelezo yake yalikuwa mafupi: imekuwa njano na haisafishiki. Alianza na sabuni ya unga, akahamia kwenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, akamalizia kwa kuisugua omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kwa stilwaya ya masufuria. Kila mara boti ilipata nafuu ya muda, kisha njano ikarudi, na safari hii ikaja na vidoa vya hudhurungi ambavyo hapo mwanzo havikuwapo. Alichotaka kwangu ni jina la rangi itakayoshika kwenye faiba.

Sikumpa jina hilo. Rangi ikipigwa juu ya chaki, yaani unga unaojitokeza kwenye faiba iliyochoshwa na jua, hushika chaki, haishiki boti, na chaki ikiachia, rangi nayo inaachia. Kutu inayochuruzika kutoka nyuma ya vyuma haijali kuna rangi au hakuna. Itatoboa njia ile ile. Isitoshe, ubavu wa faiba ukishapakwa rangi unakuwa wa kupakwa rangi daima, kila baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia rangi nilitaka kujua jambo moja: hiyo njano iko juu ya jelkoti, iko ndani ya jelkoti, au inatoka nyuma yake? Kazi nzima ya boti hii ilitegemea jibu la swali hilo, na ikaonekana jibu halikuwa moja.

Jelkoti ndiyo ngozi ya nje ya boti ya faiba: rezini ya poliesta iliyochanganywa na rangi, ambayo kwa nyeupe huwa ni unga wa dayoksidi ya titani. Kiwandani ndiyo hutangulia kupigwa ndani ya kalibu, kisha nyuzi za kioo na rezini nyingine zinalazwa nyuma yake, na ule uso uliogusana na kalibu ndio unaotoka nje unang'aa. Unene wake ni kama nusu milimita. Ndiyo akiba yote iliyopo, haiongezeki, na kila unaposugua unachota humo. Watu wengi hutibu boti kana kwamba ngozi hii haina mwisho, na hata boti hii ilikuwa na sehemu moja iliyothibitisha kwamba mwisho upo. Nitaifikia.

Kipimo cha kwanza hakihitaji dawa yoyote. Unachukua kitambaa kilicholowa, unalowesha eneo la kiganja, unatazama. Ubavu wa juu, katikati ya mkanda wa mpira na maji, ulikuwa umefifia kwa ukungu wa maziwa. Ulipolowa, weupe ukarudi na mng'ao ukaonekana, kisha ulipokauka ukafifia tena. Hiyo ni chaki. Miale ya jua imekula rezini ya juu, imeacha unga wa rangi ukiwa wazi na uso wenye vibonde visivyoonekana kwa macho. Maji yanajaza vibonde hivyo kwa dakika moja na kukuonyesha jelkoti nzuri iliyoko chini. Nilipopitisha kitambaa cheusi kikavu, kikatoka na vumbi jeupe. Kwenye mstari wa maji mambo yalikuwa tofauti: mkanda wa njano iliyokoza, upana wa kiganja, ulibaki vile vile ukiwa umelowa au umekauka. Hiyo si chaki, ni kitu kilichoingia. Na kule omo, kulowesha kulifanya vidoa vya hudhurungi vionekane zaidi, kama mtu aliyenyunyiza tumbaku ya unga.

Kipimo cha pili kilikuwa kung'oa kibati kidogo cha chuma kilichofungwa shetri, yaani nyuma ya boti, tangu ilipotengenezwa. Chini yake jua halikuwahi kufika. Jelkoti ya pale ilikuwa nyeupe, lakini si nyeupe ya karatasi. Ilikuwa na krimu kidogo. Nilimwita mwenye boti aione kwa macho yake, kwa sababu rezini ya poliesta nayo huwa njano kadiri inavyozeeka, na njano hiyo haina dawa. Nilimwambia mwisho wa safari yetu ni rangi ile iliyo chini ya kibati. Tukifika hapo tumemaliza, na anayetaka nyeupe zaidi ya hapo ndiye anayehitaji rangi. Mazungumzo haya ni bora yafanyike mwanzoni kuliko siku ya kukabidhi kazi.

Basi tulikuwa na chaki kwenye mbavu, njano ya mstari wa maji, vidoa vya omo, michirizi ya kutu chini ya nguzo za reli ya kushikilia iliyo ukingoni mwa sitaha, masizi ya ekzosi shetri, kuvu kwenye sitaha, na michirizi myeusi chini ya madirisha. Kwa mbali vyote viliungana na kuonekana njano moja.

Nianze na michirizi ya kutu, maana ndiyo iliyokuwa na chanzo kinachoendelea. Kufuta doa ambalo bado linazalishwa ni kujipa kazi ya kudumu. Nguzo za reli zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa hata kujitazama, na mwenye boti aliapa kwamba kutu haiwezi kutoka hapo. Tulifungua nguzo ya kwanza. Kichwa cha bolti kilikuwa safi kabisa. Shingo yake, ile sehemu inayokaa ndani ya unene wa sitaha, ilikuwa imelika kwa vishimo vyeusi kama ubao ulioliwa na mchwa, na ilitoka ikiwa imelowa maji ya hudhurungi. Chuma cha aina hii hukingwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromu, na utando huo unajitengeneza upya pale tu panapokuwa na oksijeni. Maji yaliyotuama ndani ya tundu la bolti hayana oksijeni ya kutosha; utando unakufa, chumvi inaingia, na chuma kinalika kuanzia ndani huku kichwa kikiendelea kung'aa nje. Gundi ya kuziba iliyowekwa kiwandani ilikuwa imekauka na kupasuka, ndiyo maana maji yalipata njia.

Dawa yake ni ya useremala zaidi kuliko ya kusafisha. Bolti zote zilizong'oleka zilibadilishwa kwa za daraja la 316, ambalo lina molibdeni na huvumilia chumvi kuliko daraja la kawaida la 304. Matundu yalisafishwa hadi yakakauka, midomo yake ikapanuliwa kidogo kwa keekee ya kuzamishia vichwa vya skrubu ili gundi ikae kama pete shingoni mwa bolti badala ya kukamuliwa yote nje wakati wa kukaza. Gundi iliyotumika ni ya poliurethani. Silikoni sikuitaka karibu na kazi hii: huacha mafuta yanayosambaa kwenye jelkoti, mafuta hayo yanakamata vumbi, na baada ya hapo hakuna kitu kingine kinachoshika mahali pale. Ile michirizi myeusi chini ya madirisha, ambayo mwenye boti aliita moshi, chanzo chake kilikuwa silikoni iliyopakwa na mtu wa awali.

Bolti moja haikutoka. Nati yake iko nyuma ya tangi la mafuta, na ili kuifikia lazima tangi lishushwe. Mwenye boti alikataa gharama hiyo. Ni haki yake. Niliandika kwenye karatasi ya kazi kwamba mchirizi wa nguzo ile utarudi.

Vidoa vya omo vilikuwa na hadithi yao. Nilivitazama kwa kioo cha kukuzia: kila kidoa kina kiini cheusi chembamba kama unywele uliokatwa, na kuzunguka kiini hicho kuna duara la hudhurungi linalofifia. Hizo ni nyuzi za stilwaya. Unaposugua, waya unakatika vipande vidogo vinavyojichomeka kwenye vibonde vya jelkoti iliyochoka, na umande wa usiku unatosha kuvigeuza kutu. Ile dawa ya klorini iliyofuata ilizidisha mambo. Klorini haiondoi kutu. Ni kioksidishaji, huharakisha chuma kushika kutu na kukoleza rangi ya kilichokwishaoza, na hata vyuma vizuri vya sitaha huviumiza. Mtu anayeona doa la hudhurungi akakimbilia klorini anafanya kinyume cha kinachotakiwa, lakini sishangai, kwa kuwa nguo hufuliwa hivyo.

Kinachotakiwa kwa chuma ni asidi ya oksaliki. Inakamata chembe za chuma na kuzigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka kwenye maji, kisha maji yanakichukua. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haichoti jelkoti. Mkanda wa mstari wa maji nao unaitikia dawa hiyo hiyo, maana njano ile kwa sehemu kubwa ni rangi ya majani na magome yaliyooza majini, ikiungana na chuma kilichoyeyuka humo, kisha ikanywewa na vitundu vya jelkoti. Kwa hiyo omo, mstari wa maji na michirizi ya nguzo, ambavyo havina asili moja, vilitibiwa kwa ndoo moja.

Hapa mpangilio wa kazi ulikuwa na uzito kuliko dawa yenyewe. Wengi huanza na mashine ya kung'arishia kwa kuwa matokeo yanaonekana papo hapo. Ukianza hivyo, unalipia kwa jelkoti doa ambalo asidi ingelitoa bure, na juu yake unasukuma uchafu ndani zaidi. Asidi nayo huondoa nta, kwa hiyo nta haiwezi kutangulia. Tulikwenda hivi: kuziba chanzo, kuosha na kukata grisi, asidi, msasa na kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arishia) pale tu palipobaki na haja, nta mwisho.

Kuosha kulikuwa na sababu ya ziada kwenye boti hii. Klorini ilikuwa imetumika siku si nyingi nyuma, na klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Boti ilisuuzwa kwa maji mengi, ndani ya mifereji ya sitaha na chini ya mkanda wa mpira, ikaachwa ikauke kabla ya ndoo ya asidi kufunguliwa. Hili silifanyii mzaha na fundi yeyote anayefanya kazi nami.

Tuliyeyusha fuwele za oksaliki kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya ndoo ya plastiki, kiasi cha gramu 50 kwa lita. Maji matupu hayakai ubavuni, yanatiririka na kuacha njia nyeupe, kwa hiyo tuliyafanya mazito kwa gundi ya unga ya kubandikia karatasi za ukutani hadi yakawa kama uji mwepesi. Rangi ya chini ya maji ilifunikwa kwa tepu na nailoni. Dawa ilipakwa kwa brashi, kuanzia chini kwenda juu, ubavu ukiwa kivulini, ikaachwa kati ya dakika 10 na 15 bila kuruhusiwa kukauka. Mkanda wa njano haukufutika ghafla. Ulianza kupauka pembeni, kisha katikati, na brashi ya nailoni ilipopitishwa taratibu, povu lililoteremka lilikuwa na rangi ya majani makavu. Sehemu zilizokoza zilirudiwa. Kwenye omo tulibandika vitambaa vilivyoloweshwa dawa juu ya vidoa na kuvifunika kwa nailoni visikauke, kwa kuwa viini vya chuma vinahitaji muda mrefu kidogo kuyeyuka.

Fuwele zile ni sumu zikimezwa na vumbi lake linawasha koo, kwa hiyo glavu, miwani na barakoa ya vumbi havikuvuliwa wakati wa kuchanganya. Trela la boti lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki, ambacho asidi hukila, nalo likafunikwa. Maji ya suuza yalikusanywa kwenye turubai na kutulizwa kwa soda ya kuokea kabla ya kumwagwa. Yako madawa ya kusafishia mbavu yenye asidi ya haidrokloriki ambayo hufanya kazi kwa dakika chache. Yanafaa kwa magamba ya chokaa ya viumbe wa baharini, lakini kwa njano ya kawaida ni kutumia shoka kuchonga kijiti, na vyuma vya jirani ndivyo vinavyolipa.

Masizi ya shetri yalikuwa kazi nyepesi. Ni mafuta na kaboni, kwa hiyo asidi haina la kufanya nayo mwanzoni. Dawa ya kukata grisi iliyatoa, na njano hafifu iliyobaki ikatoka na mabaki ya uji wa oksaliki. Nilimshauri mwenye boti amwite fundi wa injini, maana masizi mengi kiasi kile hayatokani na dizeli inayoungua vizuri. Kuvu ya sitaha, iliyojificha kwenye vipele vya kuzuia utelezi, ndiyo pekee iliyostahili klorini: iliyozimuliwa sana, kwa brashi laini, siku tofauti kabisa na asidi.

Chini ya mstari wa maji, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, tulikuta doa dogo lililokuwa likitoa jasho la hudhurungi hata baada ya kufutwa. Msaidizi wangu alitaka kulipaka asidi. Nilinusa: siki. Pale jelkoti ilikuwa imeinuka kidogo, ukipitisha kidole unahisi kipele. Maji yamepenya taratibu, yamekutana na kemikali ambazo hazikuungana vizuri wakati wa kutengeneza, na mchanganyiko huo umevuta maji zaidi hadi ukafanya lengelenge. Hilo ni jeraha la faiba yenyewe. Tuliliwekea alama, tukamweleza mwenye boti kwamba litafunguliwa na kukaushwa wakati boti itakapokaa nchi kavu kwa muda wa kutosha, na asilitoboe mwenyewe bila miwani kwa kuwa maji ya ndani huweza kuruka kwa nguvu.

Ikabaki chaki. Nilijaribu kompaundi peke yake kwenye eneo la kiganja na mng'ao haukurudi, kwa hiyo msasa ulikuwa lazima. Kabla ya msasa nilichora ubavu kwa penseli mistari ya mraba. Mistari ikifutika sawasawa, umetoa tabaka jembamba na sawa. Ikibaki mahali, pale pana bonde, na unaacha bonde libaki bonde badala ya kuendelea kukwangua kwa ajili yake. Tulianza na msasa wa maji namba 1000, tukaenda 1500, tukamalizia 2000, kila namba ikisuguliwa upande tofauti na iliyotangulia ili mikwaruzo ya nyuma ionekane. Kisha mashine yenye pedi ya sufu na kompaundi, mzunguko wa kama 1500 kwa dakika, ikitembea wakati wote. Mashine ikisimama sehemu moja inachoma. Kona na matuta yote yalifunikwa kwa tepu, kwa kuwa pale jelkoti huwa nyembamba na pedi hukandamiza zaidi.

Na hapo ndipo penye ile sehemu niliyoahidi. Kwenye ncha ya omo, mtu fulani miaka ya nyuma alisugua hadi akapita. Palikuwa na kiraka cha kijani hafifu kinachopenyeza mwanga, na ukiinamisha kichwa unaona nyuzi za kioo zilivyolala. Mwenye boti alidhani ni mwani ulioganda. Hakuna kompaundi ya pale, kila mpapaso unazidisha. Tulipaka jelkoti mpya iliyolinganishwa na rangi ya chini ya kile kibati cha shetri, si na rangi ya ubavu ulivyokuwa, tukaifunika kwa plastiki kwa sababu jelkoti ya kawaida ikiachwa hewani uso wake hubaki ukinata. Ilipokauka ikasuguliwa na kung'arishwa pamoja na ubavu wote. Ukijua pa kutazama unakiona kiraka. Jina la zamani la boti nalo bado linasomeka kwa kivuli pembeni, maana herufi za plastiki zilikinga jelkoti ya chini yake kwa miaka mingi. Ningeweza kuendelea kukwangua hadi kivuli kiishe, lakini sikuona sababu ya kutumia akiba ya ubavu mzima kufuta jina ambalo litafunikwa na jina jipya.

Nta ilipakwa mara mbili, na baada ya hapo tukaweka kibati pembeni ya ubavu kwa kulinganisha. Tofauti ilikuwepo, ndogo, na mwenye boti akaridhika. Rangi hakuizungumzia tena.

Boti ilirudi nchi kavu baada ya msimu wa kazi. Mbavu zilikuwa safi na maji bado yanajikunja matone juu ya nta, isipokuwa upande unaopigwa zaidi na jua, ambako nilimwambia aongeze nta bila kusubiri chaki ianze. Mstari wa maji ulikuwa na njano nyepesi iliyotoka kwa dawa ile ile mara moja tu, na hilo ni la kutarajiwa kwa boti inayolala majini. Omo haikuwa na kidoa. Chini ya ile nguzo ambayo nati yake iko nyuma ya tangi la mafuta, mchirizi wa hudhurungi ulikuwa umerudi, urefu wa kidole. Safari hii mwenye boti ndiye aliyeuliza ni saa ngapi zinahitajika kushusha tangi.